Koti la Kamera

Jina langu Nyevu, na adui yangu ni unyevu.
Watu wa Maweni hucheka hapo. Nawaacha wacheke,
kisha nawaonyesha lenzi iliyonifia mwaka juzi:
kuvu imetambaa ndani ya kioo kama mizizi ya mchicha,
nyeupe, nyembamba, haifutiki kwa kitambaa
wala kwa dua.

Tangu hapo, mwezi wa tano ukibisha hodi,
naivika kamera kabla sijajivika mimi.
Kofia ya kuogea, dada Mbodze kaitoa hotelini,
wageni huziacha bila kuzigusa, kila chumba mbili.
Mpira wa kufungia bizari, mara tatu shingoni mwa lenzi.
Vile vifuko vya kwenye maboksi ya viatu
vilivyoandikwa visiliwe: havili mtu, vinakula maji.
Na kanga, kipande kimoja cha doti,
cha pili bibi alizikwa nacho:
NISITIRI NAMI NIKUSITIRI.
Mfuko wa nailoni sina. Serikali iliupiga marufuku,
nami si wa kulala korokoroni kwa ajili ya mfuko.

Jumanne simu ikalia. Kadzo, wa ng'ambo ya Sabaki.
"Njoo upige shamba langu kabla halijaisha.
Chifu asema bila picha hakuna msaada,
na mto haumngoji chifu."

Mvua ile haikunyesha, ilimwagwa.
Darajani, mto umevimba, rangi ya chai ya maziwa
iliyofurika ikazima jiko,
umebeba mgomba mzima, umesimama wima
kama abiria aliyelipa nauli.
Kadzo alinipokea maji yakiwa magotini.
"Hapa jikoni. Pale mbuzi. Na pale,"
akanyoosha mkono pasipo na kitu,
"mihogo."

Nikaweka jicho. Ukungu.
Pumzi yangu mwenyewe imejaa ndani ya kofia.
Koti limeizuia mvua, limenizuia na mimi.
Nikifuta, natapakaza; nikifuta tena, natapakaza.
Yote niliyofundishwa ya kufunika,
hakuna aliyeniambia kwamba kinga nayo hupofusha.

Basi nikaivua.
Kofia mfukoni, kanga begani,
nikainama, mgongo wangu ukawa paa,
na Tsuma, mjukuu wa Kadzo, akaja mbio na sinia la pilau,
akaliinua kwa mikono miwili, akisimama kwa vidole,
mvua ikilitwanga.
Nikapiga moja. Mbili. Tatu.
Ya nne kamera ikakohoa, ikanyamaza.

Nyumbani nikaizika ndani ya mchele, kilo mbili.
Siku tatu tukala sima kwa mchunga,
mama akiukodolea macho mchele ule
kama mtu amtazamaye mgeni asiyeaga.
Wapo wasemao mchele hausaidii kitu,
kinachokausha ni upepo na subira.
Huenda. Lakini subira haina mahali pa kuzikia kitu.

Ijumaa ikawaka.
Picha mbili, giza tupu. Ya tatu:
Kadzo, maji, ukingo wa sinia juu kama mbingu ya bati,
na tone moja nene juu ya kioo,
limeketi pale pale palipokuwa na mihogo.

Chifu akakunja uso. "Na hili doa?"
"Ni mvua, chifu. Ilitaka kutoa ushahidi yenyewe."
Hakucheka. Aliitazama kwa muda,
akatafuta muhuri kwenye droo ya chini,
akaupulizia, akagonga.

Jumamosi mama akaupika ule mchele.
Ulikuwa na harufu kidogo, ya mpira labda, au ya betri.
Tulikula bila kusemezana.

Hadi leo, nikifungua kimlango cha betri,
kuna punje moja imekwama pembeni. Sijaitoa.
Kule Kakuyuni kumekuwa kweusi tena.
Mbodze, ile kofia uliiweka wapi?